Pesa ya hedifoni iende wapi: waya, pedi au adapta?

Hedifoni zako za kufunika masikio hazilii kama zamani. Au zinalia vizuri tu, lakini kuna mtu amekuambia ukinunua waya wa fedha utasikia muziki upya. Pesa iliyopo inatosha kitu kimoja. Njia zilizo wazi kwa mtu wa Nairobi ni nne: waya wa kawaida wa kuchomeka, waya wa kifahari, adapta ya USB-C yenye chipu ya sauti (ikiwemo ya balansi, ambayo kila sikio lina nyaya zake mbili), na pedi mpya. Ambao waya wao hauchomoki wana sehemu yao, kwa sababu kwao kubadilisha waya ni kazi ya solda.

Vigezo

Kila njia inapimwa kwa mambo manne. La kwanza ni sauti: je, kinachobadilika kinasikika, au kiko kwenye karatasi tu? La pili ni uimara kwa mtu anayepanda matatu, anayetembea na kukunja waya mfukoni kila siku. La tatu ni hatari, maana yake kipi hakitaingia, kitaungua au kitarudishwa dukani. La nne ni gharama ikipimwa kwa bei ya hedifoni zenyewe. Waya wa elfu kumi kwenye hedifoni za elfu nane si hesabu.

Kabla ya kulipa chochote

Weka wimbo wenye besi nzito, kisha bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Besi ikijaa ghafla, hewa ilikuwa inavuja. Hedifoni zilizofungwa nyuma hutegemea hewa iliyonaswa kati ya spika na sikio. Mwanya mdogo tu chini ya pedi unatosha kuikimbiza besi. Mwanya huo huletwa na pedi zilizochakaa, miguu ya miwani, misuko au rasta zilizopita chini ya pedi, au mtandio uliofunika sikio. Waya wa aina yoyote hauzibi mwanya.

Jaribio la pili: muziki ukiendelea, pinda waya polepole karibu na pini, halafu mahali unapoingia kwenye kikombe. Upande mmoja ukikatika na kurudi, nyuzi za ndani zimekatika. Ukisikia ala ziko lakini mwimbaji amepotea, kama anaimbia ndani ya kisima, graundi, yaani waya wa kurudishia umeme unaoshirikiwa na pande zote mbili, ndiyo imekatika. Spika mbili zimebaki zimeungana mfululizo, na unachosikia ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji kwa kawaida amewekwa katikati, sawa pande zote, kwa hiyo anajifuta.

Jaribio la tatu: chomeka hedifoni hizo hizo kwenye simu au laptopu nyingine, ucheze faili ile ile. Kasoro ikionekana kwenye simu yako tu, usinunue kitu cha hedifoni.

Na kama malalamiko yako ni ladha ya sauti, mathalani sauti za juu zinachoma au besi imezidi, jaribu kwanza ikwalaiza, yaani programu ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu. Kwenye Android kuna Wavelet, ambayo ina marekebisho yaliyoandaliwa tayari kwa maelfu ya hedifoni. Kwenye Windows kuna Equalizer APO. Ukiongeza desibeli 5 mahali popote, shusha sauti ya jumla kwa desibeli 5 au 6, la sivyo mawimbi yatakatwa vichwa na utasikia mkwaruzo. Hakuna waya unaoweza kufanya robo ya kazi hii, na haikugharimu kitu.

Waya wa kawaida wa kuchomeka

*Sauti.* Ukiwa mzima, husikika sawasawa na uliokuja kwenye boksi. Hiyo si lawama. Chukua Audio-Technica ATH-M50x, za omu 38 (omu hupima ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu huzuia umeme). Waya wa shaba wa mita 1.2, wa unene wa 28 AWG (kipimo cha unene wa nyaya), una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo jumla ni kama omu 0.5. Mbele ya omu 38, hiyo hupunguza sauti kwa desibeli 0.1 hivi, kiasi ambacho sikio halikioni.

*Uimara.* Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi. Waya laini, wa mita 1.2, wenye shingo ya mpira ndefu kwenye pini na pini iliyopinda kama herufi L, hudumu mfukoni kuliko pini iliyonyooka. Waya wa mita 3 ni wa studio. Ukiuvaa kwenye matatu utanaswa na kitasa, au na mkoba wa jirani anayeshuka Roysambu. Angalia pia msuguano: kitambaa kigumu kilichosukwa juu ya waya hupeleka mkwaruzo wa shati moja kwa moja kwenye kikombe, na kwa kuwa hedifoni hizi huzuia kelele za nje, mkwaruzo huo ndio unaosikika zaidi.

*Hatari.* Pini ya upande wa kikombe. ATH-M50x na M40x hutumia pini ya milimita 2.5 yenye kufuli ya kusukuma na kuzungusha. Waya wa kawaida wa 2.5 una kichwa kinene kisichoingia kwenye tundu, na ukilazimisha utaacha pini nusu ndani, upande mmoja ukilia. Toleo la zamani, M50 bila x, waya wake hauchomoki kabisa. M50x ilipotoka mwaka 2014 ndipo uchomokaji ulipokuja. AKG K371 hutumia plagi ya aina ya mini-XLR, yenye pini tatu. Meze 99 Classics huchukua pini mbili za 3.5, moja kila upande, na mashimo yake yanataka kichwa chembamba. Kwa hiyo ukienda kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue nenda na hedifoni zenyewe, siyo picha kwenye simu. Chomeka kaunta, zungusha, cheza muziki wa pande mbili, ndipo utoe M-Pesa.

Mtego mwingine ni waya wenye maikrofoni, ule wa pini ya michirizi mitatu. Kuna mipangilio miwili, wa CTIA unaotumika kwenye simu za sasa na wa zamani wa OMTP, na tofauti yao ni kwamba graundi na maikrofoni zimebadilishana nafasi. Ukipata usiolingana, mwimbaji hupotea kama kwenye waya uliokatika, lakini hurudi ukishikilia kitufe cha maikrofoni. Ukiona hivyo usipeleke hedifoni kwa fundi, rudisha waya.

Waya wa bei ya chini mno mara nyingi si shaba tupu bali alumini au chuma kilichopakwa shaba. Alumini ina ukinzani wa zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, haivumilii kupindwa, na inasumbua kwenye solda. Sumaku ndogo itakamata chuma, alumini haitaikamata. Kwa mita ya fundi, pima kutoka ncha ya pini hii hadi ncha ya ile: toa ukinzani wa vishikio vya mita yenyewe, kisha utarajie chini ya nusu omu kwa mita 1.2. Ukipata omu mbili au tatu, uache hapo hapo.

*Gharama na wa kufaa.* Waya wa 3.5 kwa 3.5 ni mamia ya shilingi. Ule wenye kufuli au mini-XLR hupanda kwa sababu wanaouleta ni wachache. Unamfaa mwenye waya uliokufa na hedifoni nzima, na yule aliyepewa waya wa studio lakini anasikilizia njiani.

Waya wa kifahari

*Sauti.* Hoja inayouza nyaya hizi ni kwamba fedha hupitisha umeme kuliko shaba. Ni kweli: ukinzani wa fedha ni kama asilimia 5 au 6 chini. Rudia hesabu ya juu na zile omu 0.5 zinakuwa kama omu 0.48. Tofauti ya sauti ni chini ya mia moja ya desibeli. Maneno kama "fedha hung'arisha sauti za juu" hayana mlango wa kuingilia kwenye hesabu hiyo.

Wanaosikia tofauti mara nyingi hawasemi uongo. Waya wa zamani ulikuwa na pini yenye kutu, au mpya umechomekwa vizuri na pedi zikakaa upya kichwani, au sauti imepanda kidogo bila wao kujua. Sikio husoma kilichopanda kidogo kama kilichokuwa bora. Ukitaka kujipima, mtu mwingine abadilishe nyaya huku huoni, sauti ziwe zimesawazishwa kwa mita, mara kumi na zaidi, na uandike unachodhani. Matokeo hayana haja ya kubishaniwa.

Tofauti ya kweli inawezekana kama waya wa zamani una ukinzani mkubwa, au kama spika ni ya omu chache mno na ukinzani wake hupanda na kushuka sana kulingana na masafa. Hilo ni tatizo la iafoni (za kuingiza sikioni) zenye spika kadhaa ndani kuliko la hedifoni tunazozungumzia.

*Uimara.* Hapa kuna mgawanyiko. Nyingine zimetengenezwa kwa mkono, zina pini nzuri, solda safi, na zinadumu. Nyingine ni misuko minene minne au minane inayoonekana vizuri kwenye picha, ni mizito, haikunjiki mfukoni na hujikumbuka kila ilipopindwa.

*Hatari.* Kuiagiza nje. Juu ya bei na usafiri kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na ukikosea aina ya pini, gharama ya kurudisha inakula faida yote. Hatari ndogo zaidi ni ya uzito: waya mzito unavuta tundu la kikombe na kulegeza solda ya ndani.

*Gharama na wa kufaa.* Dola 50 hadi 300 na kuendelea. Unamfaa mtu anayeutaka kwa umbo, kwa urefu maalumu au kwa ulaini wake mkononi, na anayejua kuwa analipia hivyo. Hakuna dhambi kununua kitu kizuri. Kasoro ni kukinunua ukitarajia besi.

Adapta ya USB-C, na ya balansi

*Sauti.* Kama simu yako haina tundu la 3.5, adapta ndiyo ampu yako, yaani kikuza sauti. Adapta zenye chipu safi ni nyingi na ndogo kama kidole. Adapta ya Apple ya USB-C ni mfano mzuri wa kupimia: toleo la A2049 hutoa hadi volti 1, lile la Ulaya, A2155, hutoa nusu yake. Volti 1 kwenye omu 38 ni miliwati 26. ATH-M50x hutoa desibeli 99 kwa miliwati 1, kwa hiyo miliwati 26 huifikisha karibu desibeli 113, kiwango ambacho hupaswi kukikaribia. Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kama mpaka wa salama. Hedifoni za kutembea nazo hazina njaa ya umeme. Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250 ndiyo ingehitaji ampu yenye nguvu, na hiyo si ya kubebea kwenye matatu.

Adapta itasikika tofauti pale ya zamani ilipokuwa na mnong'ono wa umeme au ukinzani mkubwa wa kutolea. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ukinzani wa chanzo usizidi moja kwa nane ya hedifoni. Kwa omu 32, usizidi omu 4.

*Uimara.* Shingo ya adapta ndiyo hufa kwanza, hasa simu ikiingia mfukoni ikiwa imechomekwa. Chagua yenye kawaya kafupi kanakopinda, siyo kichwa kigumu kinachobana tundu la simu.

*Hatari.* Adapta za bei ya chini sana huwa hazina chipu. Zinategemea simu itoe sauti ya analogi kupitia USB-C. Simu nyingi, zikiwemo Samsung Galaxy za siku hizi, hazitoi, na adapta hukaa kimya. Uliza kama ina DAC ndani, yaani chipu inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogi, na ujaribu kwa simu yako. Adapta ya Apple nayo ina tabia yake: kwenye simu nyingi za Android sauti yake hubaki chini, kwa sababu simu haiiamuru kufungua sauti yake yote.

Sasa balansi, yaani tundu la milimita 4.4 au 2.5 lenye migusano minne hai, kila sikio na nyaya zake mbili bila graundi ya pamoja. Faida yake kubwa kwenye adapta ndogo ni nguvu: volti huweza kuwa mara mbili, yaani desibeli 6 zaidi. Kuvuja kwa sauti ya kushoto kwenda kulia kupitia graundi ya pamoja pia hupungua, ingawa hata waya mwembamba wa kawaida hubakiza kuvuja huko kukiwa desibeli 40 hivi chini ya muziki wenyewe, na muziki hukufunika.

Kikwazo ni hedifoni zenyewe. ATH-M50x na K371 huingiza waya upande mmoja, zikiwa na migusano mitatu tu. Graundi imeshaunganishwa ndani. Waya wa "balansi" kwa hizo ni jina tupu, na ni hatari: ukiunganisha pande hasi mbili za ampu ya balansi, unaweza kuiunguza. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie kabisa kiunganishi cha kutoa 4.4 ya ampu kwenda pini ya kawaida ya 3.5. Kinyume chake, hedifoni za 4.4 kwenda tundu la kawaida, hakina shida. Zinazokubali balansi bila kufunguliwa ni zenye waya kila upande, kama Meze 99 Classics na Sennheiser HD 25.

*Gharama na wa kufaa.* Adapta ya kawaida yenye chipu ni mzigo mdogo na inamfaa kila aliyepoteza tundu la simu. Ya balansi inamfaa mwenye hedifoni za nyaya mbili ambaye sauti yake ya sasa kweli haitoshi ikiwa juu kabisa.

Pedi mpya

*Sauti.* Hii ndiyo njia inayobadilisha sauti kwa kiasi kinachosikika na kila mtu, kwa wema au kwa ubaya. Ngozi bandia ya polyurethane huoza kwa unyevu, jasho na mafuta ya nywele; huanza kubanduka vipande vyeusi shingoni, kisha sponji hulala na spika husogea karibu na sikio. Pedi mpya za asili hurudisha besi na kuzuia kelele za barabarani, na ukisikia vizuri kwenye Thika Road bila kupandisha sauti, masikio yatakushukuru.

Pedi zisizo za asili ni bahati nasibu. Za mahameli hupumua na hazichemshi sikio, lakini huvujisha besi na kupunguza kuzuia kelele. Nene zaidi huisogeza spika mbali, na sauti za kati na za juu hubadilika. Zenye matundu huachia hewa kidogo. Ukizitaka kwa starehe, sawa. Baada ya hapo fanya ikwalaiza upya, kwa kuwa marekebisho ya hedifoni hizo yalipimwa na pedi za kiwandani.

*Uimara.* Joto la Nairobi si kali, lakini jua la dashibodi na jasho la kutembea vinatosha. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, bila spiriti, kwani spiriti hukausha ngozi bandia.

*Hatari.* Kuchana mdomo wa pedi wakati wa kuvalisha. Vua pedi ya zamani kwa kuvuta mdomo wake kutoka kwenye mfereji, safisha mabaki, ingiza mdomo mpya mahali pamoja, ushikilie kwa kidole gumba na uendelee kuzunguka kikombe. Usitumie gundi. Usisukume kitambaa chembamba kilicho mbele ya spika. Kikizama, utasikia mlio wa kugusana kwenye besi.

*Gharama na wa kufaa.* Kwa kawaida ni sehemu ndogo ya bei ya hedifoni. Zinamfaa yeyote ambaye jaribio la viganja lilirudisha besi.

Kama waya hauchomoki

Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991, ni mfano wa hedifoni bora zenye waya wa kudumu. Kasoro huwa karibu na pini. Fundi akate sentimita 5 juu ya mahali palipokufa, aingize mpira wa kusinyaa na ganda la pini kwanza (kusahau hili ndilo kosa la kawaida), kisha avue nyuzi. Nyuzi hizi zimepakwa vanishi ya rangi, na mara nyingi zimechanganywa na uzi wa nailoni. Zisipochomwa vanishi kwa solda na joto la kama nyuzi 350 za Selsiasi, solda haishiki na upande mmoja utakatika baada ya siku mbili. Rangi zithibitishwe kwa mita, siyo kwa kukisia: nyekundu huwa kulia, kijani au buluu kushoto, shaba tupu ni graundi. Kwenye pini, ncha ni kushoto, pete ya kati kulia, mwili ni graundi. Kila kiungo kisikae kwenye joto zaidi ya sekunde tatu hivi, la sivyo plastiki ya ndani ya pini huyeyuka na kuleta shoti.

Kutoboa kikombe na kuweka tundu la kuchomoka kunawezekana, lakini tundu lisiloziba vizuri huvujisha hewa, nawe umerudi kwenye tatizo la besi. Lifanye tu kwa hedifoni ambazo hutazilia.

Kwa hali yako

Besi imepungua na pedi zinabanduka: pedi za asili, waya uusahau.

Upande mmoja unakatika ukipinda waya: waya wa kawaida wenye pini sahihi. Usipochomoka, fundi.

Simu haina tundu la 3.5: adapta yenye chipu, balansi baadaye, na kwa hedifoni za nyaya mbili tu.

Sauti ni nzima ila hupendi ladha yake: ikwalaiza wiki mbili. Ikishindikana, tatizo ni hedifoni, na pesa ya waya wa kifahari iwekwe kwenye akiba ya nyingine.

Unacheza muziki kwenye sherehe au unarekodi nje: HD 25, iliyoanza kuuzwa 1988 na ambayo sehemu zake zote huuzwa moja moja, inakuruhusu kubeba waya wa akiba kwenye begi. Nunua mbili za kawaida badala ya moja ya kifahari.

Una hedifoni za Bluetooth zenye tundu la 3.5, na unazitumia na waya zikiwa zimewashwa: mara nyingi sauti inapita tena kwenye chipu ya ndani kabla ya kufika spika, na waya wowote unaopitisha umeme bila kukatika unatosha. Zikizimwa, mara nyingi sauti hubadilika kwa sababu marekebisho ya ndani hayafanyi kazi. Hapo pia siyo waya, ni betri.